Pamba Niliyopanda Sebuleni kwa Anti Ndunge

Binti yangu alinipigia simu kutoka Nairobi Jumamosi moja asubuhi, akaniuliza kwa nini ua lake limeota pamba. Alikuwa amelinunua kando ya barabara akaliweka karibu na dirisha, na sasa chini ya majani, pale jani linapoungana na shina, kulikuwa na vitu vyeupe kama pamba ya dukani. "Mama, hiyo ni kawaida?" Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Akakasirika kidogo, akasema yeye haoni cha kuchekesha. Nikamwambia atafute spiriti, afute kila jani juu na chini, lakini kwanza aangalie kama kuna sisimizi. Tulipoagana kicheko kikaniishia. Niliketi pale jikoni nikiwaza, chai ikachemka ikafurika, ikazima moto, nami sikuiona.

Maana hata mimi niliwahi kuitazama pamba ile kwa macho kama ya binti yangu, nikaamini ni pamba. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa.

Sisi tulikuwa watu wa pamba. Wenzangu wa rika langu mliokulia upande wa chini wa Makueni, mtakumbuka nyumba ilivyokuwa wakati wa mavuno: magunia mpaka mlangoni, watoto wakilala juu yake, vidole vimechubuliwa na maganda makavu, na mama amekaa mkekani akitenga iliyo safi na iliyo chafu. Hakuna kitu kilichoingia kwetu ambacho hakikutoka kwenye pamba. Sketi yangu ya shule ilikuwa pamba, kwa maana hiyo. Karo ilikuwa pamba, nyama ya Krismasi ilikuwa pamba. Kila ahadi ya Baba ilianza kwa maneno yale yale: pamba ikifunguka, utapata viatu, pamba ikifunguka, tutaezeka jikoni.

Mwaka mmoja haikufunguka. Mvua ilinyesha siku chache, ikatuonjesha, ikaenda zake. Vitumba vilikauka vikiwa vidogo kama njugu, ukivibonyeza vinapasuka na ndani hamna kitu. Mama akaanza kupika mara moja kwa siku. Ndipo dada mkubwa wa Baba, Anti Ndunge, aliyekuwa fundi wa kushona kule Kikima, akatuma neno kwamba aletewe mtoto mmoja, amlishe na kumsomesha mpaka mambo yatengenee. Tulikuwa watoto sita. Nikachaguliwa mimi. Sikuambiwa sababu, kwa hiyo nikajitafutia yangu: nilikuwa nakula sana. Baba alinipeleka mwenyewe, na kabla ya kurudi aliinama akanishika bega. "Mwende, pamba ikifunguka nitakuja kukuchukua." Halafu akaenda bila kugeuka nyuma.

Kikima kulikuwa na baridi ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Asubuhi ukungu unaingia mpaka mlangoni, na milima yote imekatwa matuta kama ngazi. Nyumba ya Anti ilikuwa karibu na soko, ya mabati, ina vyumba viwili na sebule. Yeye alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya kanisa, na kila mara alikuwa na pini midomoni. Alizungumza pini zake zikiwa mle mle. "Kula." "Vaa sweta." "Umeosha miguu?" Sikuwahi kuisikia sauti yake kamili, na kwa kuwa sikuisikia nilidhani ana hasira nami. Nilikuja kujua baadaye, kwa vipande vipande vya maneno ya watu, kwamba alikuwa ameolewa huko Mwingi miaka kadhaa, hakupata mtoto, akaondoka na cherehani yake akaja kuanza maisha mahali ambapo hakujulikana.

Lakini maua yake! Alikuwa nayo barazani na sebuleni, katika mikebe ya mafuta ya kupikia aliyoipaka rangi ya kijani, katika sufuria zilizotoboka, katika beseni lililopasuka. Majani mekundu, majani yenye madoadoa, majani manono yanayoteleza kama sikio la ndama. Na sebuleni kulikuwa na lile la kutambaa. Lilianzia kwenye chupa ya jemu juu ya kabati la vyombo, likapanda ukutani likishikwa na misumari midogo, likapita nyuma ya picha ya nyanya yetu, Susu, likapita juu ya dirisha, likazunguka redio na kurudi tena. Lilikuwa limezunguka sebule yote mara moja na nusu. Kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alionyeshwa lilikofika. Vitambaa vya kufuma vilikuwa juu ya kila kochi, na ua lile juu ya vitambaa, na mimi nilikatazwa kugusa vyote viwili.

Ua lile lilikuwa limetoka kwa Mama Wanjiru. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka, mama mfupi mnene mwenye kicheko kikubwa. Walikuwa wametoka upande wa Murang'a zamani wakaja kufanya biashara, na binti yao Wanjiru alikuwa ameolewa mbali. Kila alasiri alikuja kuketi barazani na Anti. Wangeweza kuelewana nusunusu, mmoja kwa Kikamba chake na mwingine kwa Kikikuyu chake, lakini walikuwa wamegundua kwamba maneno yanayofanana ndiyo yanayoleta matata, kwa hiyo urafiki wao wote waliuendesha kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kushonashona, kila mmoja akitia kiraka chake. "Hii maua yako inakunywa maji kama ng'ombe," angesema Mama Wanjiru. "Na yako inakula jua kama kinyonga," angejibu Anti, nazo pini zikicheza midomoni, na hapo tu ndipo nilipoona kwamba anacheka. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota pale sakafuni, nikiwasikiliza.

Sasa pamba. Kanisani kwetu kulikuwa na ua wa maua mekundu yale makubwa yanayopandwa kama uzio. Jumapili moja watoto tulitolewa nje wakati wa mahubiri, nikajibanza pale kivulini, na nilipoinua tawi niliona kitu kilichonifanya nisahau pumzi. Pamba. Vifundo vidogo vyeupe, laini, vimejipanga kwenye shina. Nilivigusa kwa kidole, vikaacha unga na nyuzi nyembamba. Nilifikiri: huku kwenye baridi pamba haifi, inaota yenyewe, na watu wa huku hawaijui kwa sababu si watu wa pamba. Mimi ndiye ninayeijua.

Mtoto akishapata wazo la namna hiyo hamwambii mtu. Nilitafuta kibiriti kitupu, nikachukua kijiti, nikavitoa vifundo vile kimoja kimoja na kuviweka ndani kama mayai. Nilipofika nyumbani, Anti akiwa bado anaongea na watu njiani, nilivipanda. Nilianza na lile la kutambaa sebuleni, kila pembe ya jani kifundo kimoja. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Pamba ikishika kwenye majani yote yale, itajaza gunia. Gunia likijaa nitampelekea Baba. Baba akiona pamba imefunguka itabidi atimize neno lake, maana hakusema pamba ya wapi.

Na ikashika. Ee, ilishika! Kila siku nikitoka shuleni nilikwenda kuangalia shamba langu kabla ya kubadilisha sare. Vifundo viliongezeka. Vingine vilihama vyenyewe, jambo ambalo pamba ya kwetu haikuwahi kufanya, lakini nilidhani ndiyo tabia ya pamba ya milimani. Sisimizi walikuja kwa msururu kutoka chini ya mlango, wakapanda mguu wa kabati, nami nikawafurahia kwa sababu nilifikiri wamekuja kupalilia. Majani yakaanza kunata. Nililamba kidole, kikawa kitamu. Nikavuna kidogo, nikaficha ndani ya kibiriti chini ya godoro langu.

Wakati huohuo Mama Wanjiru akamletea Anti ua jipya ndani ya mkebe, lenye majani manono yaliyo mekundu chini, alilopewa na dada yake alipokwenda kwao kwa mazishi. Nililiona nikalipenda. Majani manono vile yangetoa pamba nono. Nikalipandia vifundo vingi kuliko maua yote mengine.

Hapo ndipo Mama Katunge, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama kanisani, alipokuja kumwambia Anti kwamba Alhamisi ya tatu kuanzia siku ile ushirika utakutana nyumbani kwake. Huenda kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo. Akina mama wale walikutana kila wiki nyumba moja baada ya nyingine, na kwa miaka yote Anti aliyoishi Kikima walikuwa wameiruka ya kwake. Hakuna aliyesema kwa nini. Walifika nyumba ya jirani wa kushoto, na wiki iliyofuata wakafika ya jirani wa kulia. Mama Katunge alipoondoka, Anti alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akanikatia kitambaa cha gauni jipya, na mapazia mapya ya dirisha, siku ile ile.

Alipoanza kusafisha nyumba kwa ajili ya wageni, akaona. Alianza na lile ua jipya. Alilichukua kulipangusa vumbi, akaligeuza jani. Akageuza jingine. Kisha akaja kwenye lile la kutambaa, akapanda juu ya kiti, akafuata msumari baada ya msumari. Majani ya mwishoni yalikuwa yameanza kuwa ya njano, na mengine yalikuwa na weusi juu kama masizi. Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Maua yangu yameingiwa na chawa," alisema.

Sikuelewa. Nilitazama huku na huku kutafuta hao chawa.

Akanyakua ule mkebe wa ua jipya, akatoka nao mbio mbio mpaka dukani, nami nikamfuata. Mama Wanjiru alikuwa akipima sukari. Anti akaubwaga mkebe juu ya kaunta.

"Umeniletea hii kitu nyumbani kwangu?"

Mama Wanjiru akainama akaangalia. "Hii haikutoka kwangu. Hii maua ilikuwa safi, Ndunge. Niliosha mwenyewe."

"Ilikuwa safi wapi? Angalia! Imejaa mpaka mizizi. Na imeingia ile ya ukutani. Wiki mbili nipate wageni!"

"Njoo nyuma uangalie zangu zote. Ukipata moja, uniambie."

"Sina haja ya kuangalia," Anti alisema. Na akaongeza, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa watu waliokuwa nje: "Shida ni yangu. Nyinyi watu wa kuja, mtu akiwafungulia mlango mnaingia na uchafu wenu."

Kijiko cha sukari kilisimama hewani. Mama Wanjiru alikuwa ameishi Kikima tangu kabla mimi sijazaliwa. Akaanza kujibu kwa Kiswahili, kikamkataa, akarudi kwenye Kikikuyu chake. Anti naye akaingia kwenye Kikamba. Walisimama wakirushiana lugha mbili juu ya kaunta ile, na neno pekee lililokuwa sawa pande zote mbili lilikuwa Ngai, yaani Mungu. Kisha tukarudi nyumbani. Alasiri ile hakuna aliyekuja kuketi barazani, wala ya kesho yake.

Anti akaanza vita peke yake. Aliosha majani kwa sabuni ya kipande. Siku nne baadaye weupe ulirudi. Akanyunyiza majivu. Ulirudi. Mtu akamwambia mafuta ya taa ndiyo dawa, akachanganya na maji akapaka lile la kutambaa lote, na kufikia kesho yake majani yalikuwa yamejikunja na kuungua kana kwamba yamepitishwa motoni. Ilibidi aanze kulikata. Alichukua makasi yake makubwa ya kukatia nguo, ambayo hakuwahi kuruhusu yaguse hata karatasi, akaanza kutoka mwishoni: kutoka kwenye redio mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka picha ya Susu. Kila kipande kilipoanguka nilikuwa nikikiokota.

"Anti," nilimwuliza, "chawa wako wapi?"

Akanigeukia. Akachukua jani, akabana kifundo kimoja cha pamba yangu kati ya kucha zake mbili, kikapasuka kikatoa maji ya njano. Akachukua kingine kwa ncha ya pini, akakipindua kwenye kiganja chake. "Tazama miguu."

Nikatazama. Chini ya ule weupe kulikuwa na miguu midogo, mingi, ikipapasa hewa.

Sijui niwaelezeje wenzangu. Ni kama mtu akuonyeshe kwamba mkate unaoula una macho. Nilikwenda chumbani nikainua godoro, nikafungua kibiriti. Mavuno yangu yalikuwa unga wa njano, na juu ya unga ule vitu vidogo kama vumbi vilikuwa vikitembea. Nilikitupa chooni kibiriti kile na nikatapika papo hapo. Anti alinikuta, akanigusa paji la uso, akanipikia uji wa ndimu. Alidhani ni homa. Alikaa karibu nami mpaka nikaumaliza, na wema ule ulinichoma kuliko kiboko.

Sabuni ilipokwisha alinituma dukani. Yeye hangeweza kwenda tena. Mama Wanjiru alinipa sabuni bila kucheka, na kabla sijageuka akaniuliza, "Maua ya Anti yanaendeleaje?"

Nikaangua kilio pale pale. Nikamwambia yote: uzio wa kanisani, kibiriti, kijiti, gunia, Baba. Nililia kwa Kikamba na kwa Kiswahili mchanganyiko, sijui alielewa kwa lugha gani, lakini alizunguka kaunta akanishika mkono akanipeleka nyuma ya duka.

"Pamba?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akajifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika, nami nikajua anacheka. Halafu mabega yakaacha kutikisika.

"Ulikuwa unataka kwenda kwenu."

"Ndiyo."

"Hata mimi nililia nikiletwa huku," alisema. "Na nilikuwa mtu mzima, na mtoto mgongoni." Akanipa chai na kipande cha mkate. "Sasa nyamaza. Usimwambie kitu. Nitakuja mimi."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Anti alikuwa kwenye cherehani akipinda mapazia, pini midomoni, Mama Wanjiru alipoingia bila kupiga hodi. Mkononi alikuwa na chupa ya spiriti, ile ya kuwashia taa za karabai, na bunda la pamba ya dukani.

"Ndunge," alisema, "nimefikiria. Inawezekana hii kitu ilitoka kwangu. Nimekuja kuitoa."

Anti aliacha kukanyaga cherehani. Nilimtazama Mama Wanjiru akiwa amesimama pale na uongo wake, kidevu juu, mtu aliyetukanwa mbele ya wateja wake amekuja kuchukua kosa ambalo anajua si lake. Sikuweza.

"Ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliipanda. Nilidhani ni pamba."

"Pamba ya nini?" Anti aliuliza.

"Ya Baba. Ili aje kunichukua."

Akaanza kutoa pini midomoni. Alizitoa moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa sweta yake, mpaka zikaisha. Nilingoja kupigwa.

"Hapa unakosa nini?" Sauti yake bila pini ilikuwa laini, ya msichana karibu. "Chakula unapata?"

"Napata."

"Nimekupiga?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Namtaka Mama," nilisema.

Alisimama akatoka nje, akaenda akasimama kwenye ukingo wa baraza akitazama milima, mgongo wake ukiwa kwetu. Ni baada ya miaka mingi, nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe, ndipo nilipojua nilimfanya nini asubuhi ile. Gauni langu jipya lilikuwa limetundikwa ukutani, limekwisha, bado vifungo. Wakati ule nilijua tu kwamba afadhali angenipiga.

Mama Wanjiru hakumfuata. Aliweka chupa yake mezani, akaanza kuhamisha vitambaa vya kufuma. Anti aliporudi, macho yalikuwa mekundu, na alisema na Mama Wanjiru, si nami.

"Lile neno nililosema dukani. La watu wa kuja." Akaokota kitambaa kimoja cha kufuma, akakikunja. "Hata mimi hapa nilikuja. Sina mtu hapa."

"Unaye," alisema Mama Wanjiru. "Lete kiti. Na mikebe minne ya maji."

"Ya nini?"

"Kwanza sisimizi. Wewe umeosha, umeosha, lakini umewaacha wenyewe. Hawa weupe ni ng'ombe wa sisimizi. Wanawakamua. Ukiwafuta leo, kesho sisimizi wanaleta wengine. Mimi nilichuma kahawa nikiwa msichana, ninawajua hawa."

Tukaweka miguu ya kabati ndani ya mikebe ya maji, matone ya mafuta ya taa juu yake, na sisimizi wakafika ukingoni wakasimama kama watu waliokuta mto umefurika. Kisha tukaketi sakafuni watu watatu, kila mmoja na kipande cha pamba kilicholowa spiriti. Harufu ilinipanda kichwani. Mama Wanjiru alinifundisha kugusa kifundo, kungoja kigeuke rangi, kisha kukifuta, na kutosahau mkunjo wa jani, kwa sababu huko ndiko mama yao hujificha na watoto. Tulifanya hivyo siku nzima, na katikati ya wiki nikitoka shuleni. Karibu nusu ya maua hatukuyaokoa, tukayachoma nyuma ya nyumba. La kutambaa lilibaki vipande viwili tu vyenye macho safi ya kuchipukia, Anti akavitia kwenye glasi ya maji. Ukutani ilibaki misumari, na njia nyeupe ya rangi ambayo haikuwahi kuona jua, ikizunguka sebule mara moja na nusu bila kitu juu yake.

Katika siku hizo Anti hakunikasirikia, ila alinitazama kwa haya, kama mtu anayemtazama mgeni. Nikimpitishia pamba alisema "asante," neno ambalo hakuwahi kuniambia. Nilizichukia asante zile.

Alhamisi ikafika. Akina mama walikuja kumi na wanne, wakajaza makochi na viti vya kuazima. Mama Wanjiru hakuwa wa kanisa letu, lakini Anti alikuwa amekwenda mwenyewe kumwita, akamketisha karibu na meza. Waliimba, wakaomba, wakasoma. Nilikuwa nikipitisha vikombe nikiwa na gauni langu jipya wakati Mama Katunge alipoinua macho ukutani.

"Ndunge, tulisikia una ua limezunguka nyumba nzima. Liko wapi?"

Anti alimimina chai mpaka kikombe kikajaa.

"Lilikuwa," alisema. "Tukajaribu kulima pamba, haikuenda vizuri."

Mama Wanjiru alikohoa kwenye chai yake. Wengine wakatazamana, na mama mmoja asiyetufahamu vizuri, labda kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akanishika mkono. "Na huyu ni msichana wako?"

Wote waliobaki walijua kwamba Anti hakujaliwa mtoto. Mama Katunge aliweka kikombe chini polepole. Nilimtazama Anti, naye kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi alinitazama sawasawa.

"Ni wa ndugu yangu," alisema. "Nimeazimwa." Akanitengeneza ukosi wa gauni, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. "Na kitu cha kuazimwa, mnajua wenyewe, unakitunza kuliko chako."

Mama Wanjiru ndiye aliyecheka kwanza, kile kicheko chake kikubwa, na akina mama wote wakamfuata. Walikaa mpaka jua likainama. Usiku ule nililala bila kuhesabu siku.

Mvua za msimu uliofuata zilikuja vizuri, na Baba akaja kunichukua shule zilipofungwa. Anti alifunga nguo zangu mwenyewe, akatuonyesha lile la kutambaa, ambalo lilikuwa limerudi ukutani na kufika msumari wa tatu. Alimwambia Baba, "Msimu ukikataa tena, usingoje nikuite." Pini zilikuwa mkononi. Mama Wanjiru alitusindikiza mpaka njiani akilia waziwazi, na Anti hakutoka barazani.

Nyumbani nilimkumbatia Mama nikamng'ang'ania, nikapigana na ndugu zangu, nikala nilivyotaka. Na pamba ilifunguka mwaka ule kuliko tulivyowahi kuona. Shamba lote lilikuwa jeupe mpaka kwenye mto, Baba akitembea katikati ya mistari akipiga mluzi, Mama akituita tuharakishe. Nilikuwa na kikapu shingoni na vidole vinauma. Kila nilipochuma kifundo nilikigeuza kwanza nione kama kina miguu, na nilijikuta nikiwaza kama Anti anakumbuka kubadilisha maji ya mikebe, na kama lile ua limeshafika kwenye picha ya Susu. Wote walikuwa wakimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi peke yangu katika shamba lile nilikuwa nikimwomba, kimoyomoyo, mvua ijayo ikatae kidogo. Si sana, kiasi cha mtoto mmoja tu.